Bwana Pole Amerudi

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi yangu. Kile kifua kimepona, au baridi ya huko bado inakuandama? Watoto wanaendeleaje? Mimi mzima, kama uzima ni kuamka na kufagia. Miguu inavimba jioni, lakini ulimi, unanijua, haujawahi kuugua.

Hotuba yako imefika. Kitindamimba wangu aliifungua kwenye simu, tukakaa kitandani kukusikiliza. Suti imekukaa, usiseme sikukusifu. Ukawaambia wale wageni umaskini ndio mama wa ugaidi, na mpwa wako mwenyewe ni ushahidi, wakakupigia makofi. Haya, hongera. Ila mama yake ni mimi, bwana wee, si umaskini.

Njaa tumeionja mtaa mzima. Fundi viatu hapa jirani ana watoto sita na paa linavuja, na hajamlipua mtu. Mwanangu wa kwanza alikuwa anakula, kidogo, lakini anakula. Kilichommaliza ni aibu. Cheti cha ufundi umeme mkononi, kila ofisi "njoo kesho", mpaka mlinzi wa getini akawa anacheka akimwona kwa mbali.

Hapo ndipo akatokea yule tuliyempa jina la Bwana Pole, mtu wa sauti ya chini, anayekusikiliza mpaka umalize. Akamwita "fundi" wakati sisi ndugu zake tulikuwa tunamwita mzigo. Hata wewe ulimwita hivyo kwenye simu, eti utani.

Usidhani namtetea mwanangu kwa kumfuata. Aliua, na aliowaua pale stendi ni maskini wenzake. Mmoja alikuwa mume wa jirani yangu muuza mkaa. Mama wa watu hupita hapa kila asubuhi bila kunitazama, na simlaumu hata chembe.

Sasa nisikilize. Huyu kitindamimba, mdogo wake, anachomelea vyuma vizuri kuliko mtu yeyote hapa karakana. Akiomba kazi wanasoma jina, wanamuuliza, "Wewe si ndugu wa yule?" Basi, imekwisha. Na kile kiwanda cha mageti anachosimamia rafiki yako, yule mliyekaa naye dawati moja, kinatafuta wachomeleaji. Nimekuandikia mara mbili umsemeze. Ukanijibu kwa hotuba.

Juzi Bwana Pole amerudi. Ndiyo, yuleyule, na amenenepa! Nilimtimua kwa ufagio, nikaenda kituo cha polisi kusema. Wakaniuliza kwanza nieleze kwa nini watu wa namna hiyo huja kwangu tu. Kumbe alikuwa ameshapita karakana. Ana kazi ya kumpa mwanangu, mbali, malipo mazuri, na Ijumaa atafuata jibu.

Kijana hakunificha. Nikamwambia akatae. Akaniuliza, "Nikatae niende wapi, mama?" Nikajifanya naosha vyombo.

Sitaki pesa zako, na hotuba nyingine usinitumie. Mpigie rafiki yako kabla ya Ijumaa, umwambie: huyu ni mpwa wangu, namdhamini. Mbele ya wageni hukuona haya kusema yule ni mpwa wako. Neno hilo liseme na huku, ambako litakugharimu.

Nisalimie wanao, waambie shangazi anawakumbuka. Shangazi yetu wa ng'ambo ya barabara anakusalimu, anauliza kama bado unachambua vitunguu kwenye sahani kama mtoto. Fundi viatu naye anakusalimu sana. Mungu akupe afya, na akupe uso mgumu siku moja tu, ya kupiga hiyo simu.

Wa kwanza alinitoka sijui kitu. Huyu akienda, tutakuwa tunajua, mimi na wewe.

Dada yako, anayekupenda na hasira zake,
Mama wa wale wawili.