Nyuki wa Mama Restuta

Jumatatu, 16 Septemba 2024
Mzinga umekamilika! Nimeupaka vanishi nje na ndani, mara mbili, hadi unaweza kujitazama ukachana nywele. Kirushya nzima hakuna fundi aliyewahi kutoa kitu kama hiki. Nimeuning'iniza kwa waya nyuma ya migomba, mlango unaelekea kwenye kahawa, ambayo imetoa maua tangu ile mvua ya kwanza. Claudia, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, amesema wazi: Jumapili wanakuja kukagua; wakikuta nyuki wameingia, kikundi kinaniagiza mizinga ishirini. Wasipoingia, watanunua Nyakanazi. Nyakanazi! Mbao za kule hata mende hawazitaki.

Jumanne, 17 Septemba
Hakuna nyuki. Alikuja nzi mmoja, akageuza.

Mama mkwe, Mama Restuta, kapita kumwona mke wangu Melania. Nikamwamkia, akaitika, akanusa hewa. Akasema mzinga wangu unanukia ofisi. Mbele ya mama mkwe, mwanamume hana mdomo.

Kisha lile swali lake: Baba Happy, jeneza langu linaisha lini? Aliliagiza mwaka jana, baada ya marehemu dada yake kulala siku mbili akisubiri mbao. Yeye hataki kusubirisha watu, anasema. Na ni mzima, analima kuliko mimi! Nikamwambia misumari imeisha. Mwezi uliopita nilisingizia umeme. Ukweli nauandika hapa tu: limebaki vanishi na kitambaa, kazi ya siku moja, ila mkono unakataa. Huyu mama alinikubalia Melania wakati sina hata nyundo ya kwangu. Nampenda. Naogopa nikilimaliza atalitumia.

Jumatano, 18 Septemba
Balaa! Saa tano kundi zima la nyuki likapita juu ya paa, linanguruma kama lori la Kabanga linapopanda mlima. Melania akachukua sufuria na mwiko, akapiga — ngwe! ngwe! ngwe! — maana nyuki wakisikia kelele hutua. Wakatua kweli. Wakauzunguka mzinga wangu mara moja, wakauacha, wakaingia karakana. Wako ndani ya jeneza la mama mkwe! Wote! Wamepitia kwenye ufa wa kifuniko.

Nikakaa chini nikacheka, kisha nikataka kulia. Mbao ni zile zile, fundi ni yule yule. Tofauti ni vanishi. Nani asiyejua kwamba nyuki hawapendi harufu kali? Nami nikapaka mpaka ndani, kwa urembo tu.

Alhamisi, 19 Septemba
Kukwangua kutwa nzima. Msasa, randa, malengelenge. Mzinga umerudi mbao tupu. Nimeufukiza majani makavu ya mgomba, nimeusugua kwa nta na mchaichai, harufu wanazopenda nyuki. Sura hauna tena, ila unanukia vizuri.

Mama mkwe kaja kuwaona wageni wake. Akaweka sikio kwenye jeneza bila woga wowote. Akasema kumbe humo ndani si kubaya! Melania akanuna. Mimi moyoni raha tupu: jeneza limepata wenyewe, nani ataniuliza linaisha lini?

Lakini mizinga ishirini...

Ijumaa, 20 Septemba
Tumewahamisha jua likizama. Moshi kidogo, bawa la kuku la kuwafagilia, bakuli la ugali la kuwachotea. Mama mkwe ndiye aliyemwona malkia — yule mrefu! yule mrefu! — nikamchota na walinzi wake, nikamweka mzingani. Wengine wakamfuata wenyewe, kwa mstari, kama watu wanaokwenda komunyo.

Kisha mmoja akapanda ndani ya suruali yangu. Akaita wenzake. Mbele ya mama mkwe! Heri kufa nimevaa. Nikaruka, nikakaza meno. Mama akageukia migomba, akasema: "Baba Happy, vua. Mimi nahesabu ndizi." Nikavua. Akahesabu kwa sauti mpaka arobaini na mbili.

Jumamosi, 21 Septemba
Wamekaa! Wanatoka, wanarudi na unga wa njano miguuni. Nimeimba tangu asubuhi.

Jioni mama mkwe kapita. Sasa jeneza liko tupu, akasema. Kesho baada ya misa analeta kitambaa cheupe, na habari ya misumari hataki kuisikia.

Jumapili, 22 Septemba
Sikwenda misa. Nimekaa juu ya ndoo, kati ya karakana na migomba, daftari magotini. Saa nne na robo. Nyuki wanamwagika kutoka mzingani, wanazunguka juu ya kahawa, hawatui. Labda wanaota jua tu. Labda wanahama. Wachache, kama hamsini hivi, tayari wako kwenye ule ufa wa jeneza — wanaingia, wanatoka, wanakagua.

Kuuziba ni kazi ya dakika moja. Udongo ninao, nimeshaukanda na maji. Wakikosa pa kwenda, watarudi mzingani. Najiambia: mizinga ishirini, Venance! Inuka!

Vicheko njiani. Claudia na kikundi chake. Nyuma yao mama mkwe, gauni la Jumapili, kitambaa cheupe kwapani.

Melania kashika sufuria, ananiuliza apige? Nimemwambia ngoja kwanza. Duara la nyuki linasogea upande wa karakana. Jeneza likijaa nyuki, nani atalitandika kitambaa?

Sijainuka. Mkono mmoja unaandika, mwingine umeshika udongo. Udongo unaanza kukauka.