Sauti Kichwani mwa Mtoto wa Ngoie

Mjukuu wangu Masengo,

Tuko wazima. Bibi yako ameezeka jiko kwa mabati mapya, sasa anailaumu mvua kwa kelele.

Unauliza kama zamani, enzi za ukoloni, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville, kuna aliyeutambua ugonjwa ambao wewe sasa unajifunza kuupasua, wa mishipa ya damu iliyovimba ndani ya ubongo wa mtoto. Namjua mmoja, dada yangu Ngoie.

Kichwa cha mwanawe mchanga kilikua kupita mwili. Niliwasindikiza hospitali kwa sababu nilijua Kifaransa. Ngoie aliniambia mimi kaka yake mkubwa, "Yaya, ambia munganga: nikiweka sikio, mu kichwa ya mutoto muko kintu inavuma sawa mashini." Niliona haya kumtajia daktari mashine kichwani mwa mtoto. Nikamweleza daktari tu kwamba kichwa kinakua.

"Ni maji," akasema, akaandaa sindano ya kuyatoa utosini.

Ngoie alinigeukia. "Haukumuambia!" Akashika chombo cha kusikilizia moyo kilichoning'inia shingoni mwa daktari, akakibandika kichwani mwa mtoto. "Sikia!"

Daktari akasikiliza, kisha akairudisha sindano mahali pake. Ilikuwa damu, na kama angechoma asingeweza kuizuia.

Mpasuaji wa kazi hiyo hakuwepo mjini. Mtoto aliishi mwaka mmoja zaidi, akajifunza kuniita mjomba. Hadi leo jakaranda zikichanua kwenye njia ya hospitali, namwona Ngoie akitembea mbele yangu, mtoto mgongoni.

Tangu siku ile, mtu akiniambia neno la kumfikishia mwingine, naliandika lote kwanza. Haya ya kulisema nitaiona baadaye.

Babu yako