Spika Zangu Nilizitambua Kabla Sijaziona

MAELEZO YA SHAHIDI, AMBAYE PIA NDIYE MLALAMIKAJI

Jina: limo ndani ya jalada. Mtaani naitwa Mzee Kimya.
Umri: miaka 71.
Kazi: fundi mitambo mstaafu wa studio ya redio.
Makazi: ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Nimeishi hapo miaka thelathini na minane, tangu mwaka wa tatu baada ya kuondoka kwetu.

Nimeambiwa niseme ninayoyajua na nisiongeze chumvi. Nasema hivi.

Spika hizi mbili nilizinunua miaka ishirini na miwili iliyopita kwa mhandisi aliyekuwa anahama. Hakunipa risiti, nami sikumdai. Kila moja inanifika kifuani na huinuliwa na watu wawili. Kwa sababu yazo sikununua sofa. Marehemu mke wangu aliwahi kuniuliza, "Baba nanihii, hii sebule ni ya watu au ya masanduku?" Majirani waliziita majeneza. Mimi sipendi spika inayompiga mtu kifuani. Napenda ile inayonijulisha kwamba mwimbaji amevuta pumzi, kabla hajaimba. Hizi hufanya hivyo. Wageni wakianza maongezi katikati ya wimbo huwaomba wanyamaze, na jina la Kimya lilianzia hapo.

Mnamo tarehe 2 Mei, saa tisa alasiri, nilirudi kutoka kwa binti yangu nilikokaa siku nne. Nilikuta kufuli limekatwa. Santuri zangu zote zilikuwepo. Spika hazikuwepo. Niliripoti kituoni hapa siku hiyohiyo, na askari wa zamu akaandika "redio kubwa". Nilimwomba asahihishe. Akasema, "Mzee, si ni kitu kilekile?" Nikamwambia sicho. Akasahihisha.

Mnamo tarehe 14 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa nikipita mtaa wa mafundi kwenda kutengenezewa miwani. Muziki ulikuwa ukitoka mahali fulani mbele yangu. Noti za chini za gitaa la besi zilikuwa zinakatika upesi upande mmoja, kama mtu anayemeza neno la mwisho. Nilisimama. Nilishika nguzo ya taa, nikasikiliza tena. Duka lenyewe lilikuwa bado nyuma ya kona, sijaliona. Nilifuata sauti, nikapita maduka manne, nikaingia la tano. Spika zangu zilikuwa zimebanwa ukutani, na juu ya moja kumewekwa birika.

Nilimwambia mwenye duka, "Kijana wangu, hizi ni zangu." Akacheka. "Mzee wangu, umezijuaje na ndio kwanza unaingia?" Nikasema nimezisikia. Akawaambia wateja, "Jamani, huyu mzee anasikia mali!" Wakacheka wote. Niliondoa birika, nikaja kituoni.

Saa sita na robo askari walizileta spika hapa pamoja na amplifaya ya kuziendesha, na gramafoni na santuri ya dukani. Mwenye duka alitoa risiti, akasema amekaa nazo miaka minane na ni zake tangu zikiwa mpya. Mkaguzi wa polisi akanigeukia. "Mwenzako ana risiti, mzee. Wewe una nini?"

Nikajibu, "Nina masikio, afande. Na nina kosa nililolifanya mwenyewe, ndani ya spika ya kushoto."

Mkaguzi alimpa kila mmoja wetu karatasi, akatukalisha vyumba mbalimbali, akataka tuandike kilichomo ndani ya spika ya kushoto. Mwenye duka aliandika: waya, sumaku na sponji. Mimi niliandika: mto.

Sababu ni hii. Nilipoondoka kwetu nilibeba mfuko mmoja na mto wa sufi alioushona mama. Miaka kumi na tisa iliyopita sponji ya ndani ya spika ya kushoto ilioza. Sikupata nyingine, nikasukumia mto ule ndani. Fundi mzuri angetoa sufi kwenye foronya na kuitawanya, maana kitambaa kinaziba hewa na kuzifupisha noti za chini. Mimi niliuingiza mzima. Mke wangu akasema, "Leo umemfungia mama mkwe wangu sandukuni." Nilikusudia kusahihisha kesho yake. Sikusahihisha. Badala yake niliisogeza spika ile mbele vidole vitatu, sauti zikalingana.

Fundi umeme wa kituo alifungua skrubu nane. Akaingiza mkono, akautoa mto. Foronya imekuwa ya manjano, lakini maandishi ya uzi mwekundu yanasomeka: LALA SALAMA.

Mwenye duka alisema, "Mto anaweza kuutumbukiza mtu yeyote!"

Mkaguzi akamjibu, "Na wewe ulale nao nyumba moja miaka minane bila kujua?"

Mwenye duka aliichukua risiti yake, akaikunja. Kisha akasema, "Afande, niliuziwa." Aliyemuuzia amekwisha kutajwa, na hilo silo langu.

Fundi aliniuliza, "Mzee, nitoe foronya sasa, sauti ikae sawa?" Nilimwambia aurudishe mto kama ulivyokuwa. Nilisogeza spika vidole vitatu, nikaomba iwekwe santuri. Mwimbaji alivuta pumzi. Askari wawili waliokuwa wakibishana mapokezi wakanyamaza, na sikuwa nimewaomba. Kutoka mahabusu mtu akapaza sauti, "Afande, ongeza kidogo!" Mkaguzi akaongeza.

Nimesema niliyoyasikia kwa masikio yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maandishi ya mpokeaji maelezo: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakiri ni sahihi baada ya kurekebisha neno "redio" kuwa "spika" mahali pawili. Vielelezo: spika mbili, zimepigwa picha na kurudishwa kwa mwenyewe. Mto mmoja, umo ndani.