Suruali ya Kijivu na Mguu wa Mzee wa Kinoo

Shangazi yangu mpendwa,

Ni kwa majonzi makuu, lakini kwa kukubali mapenzi ya Mungu, ninakutangazia kifo cha suruali yangu ya kijivu, kilichotokea ghafla Jumanne baada ya kuugua kwa muda mfupi upande wa nyuma. Imeacha koti moja, mshipi na mimi. Mazishi yalifanyika kwenye ndoo ya matambara jikoni, na mke wangu ndiye aliyeongoza ibada.

Unaikumbuka. Uliichagua wewe mwenyewe sokoni Ngara, ukaivuta huku na huku kama anayenunua mbuzi, ukamwambia muuzaji, "Huyu mtoto anafanya kazi ya serikali, anakaa tu. Nipe kitambaa cha kukaliwa." Kisha ukanigeukia: "Hii itakuzika." Ndiyo mara ya pekee uliyowahi kukosea, na nina furaha kukuambia.

Ile kazi ya kukaa bado ninayo: kuchunguza malalamiko ya wazee wanaocheleweshewa matibabu katika makao wanamotunzwa. Na ulivyonicheka nayo! Jumapili nilikuwa nakuja kukuona kwenye makao yenu ya wazee pale Kinoo. Tunakunywa chai, muuguzi anapita mlangoni: "Habari zenu, wazazi wangu?" Nanyi wote pamoja: "Nzuri sana, tunashukuru Mungu!"

"Umeisikia hiyo kwaya?" uliniambia. "Mama Wanjiru hapa hajalala kwa sababu ya jino, na ndiye anaimba sauti ya kwanza."

Jumapili iliyofuata muuguzi alisalimia, kwaya ikaitika, wewe ukangoja wamalize, ukasema peke yako: "Mbaya."

Muuguzi alisimama kama aliyeitwa na polisi. "Shosho! Bibi yangu, unaumwa wapi?"

"Mimi? Mimi ni mzima. Najibu kwa niaba ya Mama Wanjiru. Jino."

Mama Wanjiru alikufinya chini ya meza, lakini kesho yake jino liling'olewa. Mimi nami nikapewa somo ambalo sikuliomba: "Na wewe mchunguzi, usiende kwa watu ukichunguza kwa salamu. Mtu aliyelelewa vizuri atakwambia nzuri hata akiwa ndani ya jeneza."

Nilicheka, Shangazi. Tangu tukulaze kaburini kule Machakos, maneno hayo hayanitoki kichwani.

Jumanne nilikuwa Kinoo tena, makao mengine. Binti mmoja alilalamika kwamba baba yake, mzee mwenye kisukari, ana kidonda mguuni na hajaitiwa daktari. Meneja alinipokea vizuri tu. "Tunamuuliza kila asubuhi," akasema. "Anasema yuko sawa." Mzee mwenyewe, blanketi hadi sakafuni, akaniambia, "Niko sawa kabisa, mwanangu. Hawa wananitunza." Sasa, kidonda cha kisukari hakingoji watu wamalize adabu zao, na mimi siwezi kumfunua mzee wa watu kwa nguvu.

"Hiyo ilikuwa salamu, Mzee," nikasema. "Sasa ndiyo nauliza. Mguu?"

"Mguu upo."

Ofisini nimesema suruali ilinaswa na msumari wa meza. Wewe nakupa ukweli. Nilichuchumaa mbele ya yule mzee ili nimbembeleze, na marehemu akapasuka kuanzia mshipi hadi huko unakokujua, mbele ya meneja na wauguzi wake. Mzee akatazama dari kwa heshima. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwanangu, hiyo nguo ya ndani ni ya manjano?"

"Ni ya manjano, Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa, akapangusa machozi. "Pole sana. Basi wewe umeshaonekana. Acha na mimi nionekane." Akalivuta blanketi kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Meneja alitoka mbio kutafuta gari.

Mzee amekatwa kidole kimoja; mguu, daktari anasema, utabaki. Kwenye ripoti nimeandika kwamba makao yale yalimchelewesha, na kwamba kuulizwa habari si kupimwa. Habari za manjano sikuziandika.

Kwa hivyo nisahihishe tangazo langu. Marehemu hakuugua, Shangazi. Alifia kazini. Na ukiniuliza habari zangu leo: nzuri, na hiyo si salamu.

Pumzika vizuri.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.