Quarry Mbili

Kapsoit, 4 Machi 2024

Baba Cheptoo,

U mzima huko Uskoti? Huku hatujambo. Mvua imeanza, chai inachumwa, na Cheptoo amepona kikohozi.

Ile karatasi ya kazi uliyotuma, Cheptoo ameisoma. Imeandikwa "quarry". Anasema ni mahali pa kuchimba mawe. Mathew, ndugu yangu Phelix tulimtoa chini ya mawe. Uliniapia kaburini kwake kwamba hutashika kazi hiyo. Nijibu.

Mkeo, Celine

Uskoti, 19 Machi

Mama Cheptoo,

Nimefurahi mtoto amepona. Mimi niko sawa, ni baridi tu.

Usiogope. Kiingereza kina "quarry" mbili. Ya mawe imetoka kwa neno la Kilatini la mraba, kwa sababu mawe huchongwa pembe nne. Ile ingine ni ya wawindaji, imetoka kwa neno la Kifaransa la ngozi. Zamani wakishaua paa, walitandaza ngozi yake chini, wakawawekea mbwa matumbo juu yake. Fungu hilo la mbwa ndilo liliitwa quarry. Baadaye jina likahamia kwa mnyama mwenyewe anayewindwa.

Mimi natunza mbwa wa wawindaji.

Mumeo

Kapsoit, 8 Aprili

Baba Cheptoo,

Salamu nyingi. Sote wazima.

Nilimuuliza Madam Rodah, mwalimu wa Kiingereza wa Cheptoo. Alifungua kamusi kubwa, akasema, "Bwana yako anasema kweli. Ni maneno mawili."

Usiku huo nililala usingizi. Nilimwambia mama, na Jumapili alisimama kanisani akashukuru kwamba mkwe wake hayuko kwa mawe. Cheptoo anauliza, hao mbwa wanaitwa nani?

Mama Cheptoo

Uskoti, 30 Juni

Mama Cheptoo,

Natumaini hamjambo. Samahani, nimenyamaza sana.

Niliyokuandikia juu ya neno ni kweli. Juu ya kazi nilikudanganya. Hakuna mbwa. Ni mawe. Wiki jana jiwe liliteleza likamvunja mguu mwenzangu, tukiwa tumesimama pamoja. Alikuwa akiita mama yake. Mimi sikuumia.



Mathew

Kapsoit, 16 Julai

Baba Cheptoo,

Barua imefika. Hatujambo. Mama sijamwambia.

Ogada wa kiwanda cha chai anasema wanatafuta mtu wa kuchochea moto wa boila. Nimepeana jina lako.

Usinielezee neno lingine. Niandikie tu siku ya ndege.

Mama Cheptoo