Faustin, Weye Ulimufungulia Muzee ya Mwiko

Faustin, ndugu yangu,

Nakuandikia na ile masomo kidogo niliachia njiani, basi usicheke. Weye mwenyewe mwalimu alikuwa anasoma daftari yako akiwa ameigeuza juu chini.

Nini imegeuka tangu tulikuzika? Barabara ya mbele ya kwako bameichimba tena, vumbi yote inaingia mu sahani. Bibi yako, mama ya Neema, ameanza kula kidogo, asante Mungu. Binti yako Neema alifika kutoka Aru, kule alikomalia kwa nyanya yake, na alibaki hapa Bunia mbaka juzi. Na mimi, Noko Gasto yao, ni kusema mujomba, mutu mwenye anajua kusema kupita redio, nilisema kitu ya kweli mbele ya batu na bakaikataa. Njo sababu nakuandikia.

Ilikuwa ku matanga yako, chini ya bashe, ile turubai ya kivuli. Neema akaniuliza, batu bote banasikia: "Noko, papa alikuwaga namna gani akiwa kijana? Mimi nilimujua tu mutu ya kunyamaza." Mimi niko nani nisijibu? Nikamuambia ile ya kaseti.

Unakumbuka fasi ile. Nyumba ya mufanyabiashara mumoja, twote tulimwita Papa Ariwara juu kila kitu alikuwa anaitosha na kuileta toka soko ya Ariwara: sabuni, mapanga, televizyo, na ile mashine ya jeu, muchezo ya ku televizyo, na manete zake mbili za kushika mukononi. Kaseti ya jeu, karatasi yake ya juu ilikuwa na picha ya mupira, lakini ndani ilikuwa batu ya kupigana. Jina, hapana. Maandiko ya mu televizyo ilikuwa ya Bashinwa, ao ya Bajaponi, ao ya shetani, nani alijua? Siye wenyewe njo tulipatia bale bapiganaji majina: Dada Moto, Kapiteni Meno, Mutoto ya Kichaa. Na ku kona ya chini, sura moja nyeusi, kivuli tu. Ukiichagua, inakataa.

Ile kivuli ilitunyima amani! Na ni nani angetuambia? Telefone haikuweko. Siri ya jeu ilikuwa inatembea na kamiyo za mizigo, sawa chumvi na mafuta. Shofere mumoja ya Aru alisema kule Uganda banabonyeza buto zote pamoja. Muchimba-zahabu mumoja ya Bambu aliapa lazima upoteze makusudi, kisha uombe musamaha. Tukapoteza makusudi, Faustin! Tukapiga magoti, tukamuomba televizyo musamaha! Mwingine akasema inabaki kuzima na kuwasha ukiwa umefunga pumuzi, na karibu kartiye yetu, mutaa nzima, ianguke kwa kukosa pumuzi. Na bongo zingine, uongo tupu, sawa, zilitoka kwangu. Zilikuwa nzuri kupita za shofere.

Weye haukufuata mutu. Weye ulisikiliza.

Grupe ya Papa Ariwara, ile jenereta ya umeme, ilikuwa imezeeka. Ikikohoa, umeme inapunguka, picha inakuwa sawa mustari, kisha inapotea. Sauti inabaki. Siye twote tunalaani ile grupe na mama yake mwenye aliizaa. Weye, siku moja kisha chakula ya muchana, picha ikapotea na ukaendelea kubonyeza. Nikakusikia: "Gasto, nyamaza kwanza. Kivuli imejibu."

Kuanzia pale ukawa unaikala ukipatia televizyo mugongo. Batu balicheka mbaka kuanguka. "Faustin, televizyo iko huku!" "Weye, unapigana na ukuta?" Macho umefunga, kidole gumba juu ya manete, unapita sura kwa sura: tik, tik, tik. Ukifika ku kivuli, ukiwa umeshikilia buto ya chini, ile tik inakuwa nzito kidogo, sawa mutu anagonga mulango akiwa ndani. Mimi niko kando yako na manete ya pili, nangoja tu. Ukashikilia, ukaenda kushoto, ukarudi, ukashikilia tena, kila siku vile, mbaka siku moja ikalia mulio yenye hatukuisikiaka.

"Gasto, nitazamie. Kuko nini?"

Hata kugeuka haukugeuka! Nikatazama. Siye twote tulikuwa tunangojea mufalme, ao shetani ya pembe. Kumbe muzee! Muzee ya tumbo, amevaa tabliye, aproni ya jikoni, mwiko mukononi. Na anapigana vibaya. Mutoto ya Kichaa alimuangusha na kofi moja. Njo pale ukageuka, ukamuona, ukacheka mbaka ukashika ukuta.

Nikakuambia mu sikio tuifiche. Mimi niliona tayari jina yangu inatembea mbaka Mahagi. Weye ukasema, "Acha bamuone, Gasto. Huyu muzee amefungiwa siku mingi." Ukafundisha kila mutu, mbaka mama mwenye kuuza mikate, mwenye alikuwa anapita njia yake. Na weye haukuchaguaka mupiganaji mwingine tena. Kila siku muzee ya mwiko, kila siku unapigwa, kila siku unacheka.

Kisha vita ikakuja. Nyumba ya Papa Ariwara ikabebwa yote, na kaseti ikaenda na bintu bingine. Na weye ukarudia mu ile kunyamaza yenye Neema alikuta.

Basi niliieleza vile ku matanga. Lakini unanijua. Niliongeza umati mbaka barabara ikafungwa. Niliongeza komanda mumoja ya jeshi mwenye alikuja na gari yake ya jipu kukupatia heshima. Batoto bakatosha telefone zao. "Noko, jeu yenyewe inaitwaka nani?" Sijui. "Noko, tumetafuta ku internet yote, muzee ya mwiko haiko." Mumoja akasema, "Kama haiko mule, haikukuwaka." Bakapiga mikono: "Noko Gasto ameanza!" Neema pia alicheka. Lakini niliona uso yake inaanguka, sawa mutu mwenye bamepatia kitu na bakamunyanganya palepale. Ile ilinichoma, Faustin.

Fikiria. Vita ilitawanya bale bengine bote; mu dunia hii yote, bashahidi ya ile kitu tulibaki siye babili. Mumoja ni weye, uko chini ya udongo. Mwingine ni mimi, na mimi nikisema inanyesha, bibi yangu anatoka inje kuhakikisha.

Siku ya Mungu yenye imepita, kisha kanisa, Neema akakuja kwangu pekee yake. Akakataa kiti, akakataa chai. "Noko, niambie ile ya papa tena. Bila chumvi."

Nikaanza na umati. Akanitazama. Nikatosha umati. Nikafika ku komanda; akanitazama; nikamurudisha na jipu yake. Ilikuwa kazi nguvu, ndugu yangu, sawa kuvua nguo mu soko. Mwisho nikabaki na kidogo tu: weye, mugongo ku televizyo, macho umefunga, unasikiliza.

Akavuta ile kiti alikataa, akaikala. Kisha akasema, "Sasa naamini."

Nikamuuliza, juu ya nini?

"Juu mu hadithi zako zote, noko, weye njo unashinda. Mu hii, umeikala tu na manete ya pili."

Faustin, nilihesabu hadithi zangu zote: kila moja, nani anashinda? Mimi!

Akaomba nimuonyeshe vile ulikuwa unacheka. Nikajaribu ile kicheko yako, ile inaanzia mu pua, inakwama, kisha inatoka yote pamoja. Akasema, "Hii sijaisikiaka." Kwa sauti ya chini vile. Kisha akatosha telefone yake, akaiweka mbele ya kinywa yangu, ikamate sauti. "Rudia, noko."

Nikarudia. Machozi iliingia mule ndani, sikatai, lakini ilikuwa ya kwako, naapa. Ameenda nayo Aru kuisikilizisha nyanya yake. Atarudi kwa mama yake mbele ya mvua kuanza.

Basi pumuzika, ndugu yangu. Samaki yenye nilivua mu Ziwa Albert itaendelea kukomaa, na chui yenye nilifukuza na kiatu, hiyo nayo sitaiacha. Lakini yako nakuahidi nitaieleza vile ilikuwa, ndogo vilevile, hata batu bakipiga miayo.

Ndugu yako,
Gasto