Maji Meupe ya Wageni

Marahaba, mjukuu wangu Masanja. Hapa Tinde tu wazima kwa neema ya Mungu, na mama yako mdogo amejifungua salama. Umeuliza wafadhili wa vyoo vya shule wakija huko Nyarugusu muwaonyeshe nini. Waonyesheni vyoo vyenyewe, kama vilivyo.

Sisi zamani tulichota maji kwenye lambo moja na ng'ombe. Wafadhili wa visima walipokuja kututembelea, niliona aibu kumpa mgeni tope. Nikaenda mbali alfajiri kutafuta maji meupe, nikawakaribisha. Wakanywa, wakashukuru, wakaandika kwamba maji tunayo. Mama Kulwa wa kitongoji jirani aliwapa kikombe cha maji ya lambo hivyo hivyo. Kisima kikachimbwa kwake.

Nilipokwenda kuchota huko alinicheka mbele ya wenzake: "Karibu, mama maji meupe! Leo yamekuishia?"

Nikacheka naye, lakini moyo uliwaka. Nikamwomba Mungu kisima kile kikauke. Hakunisikiliza, na watoto wangu wamekua kwa maji yale. Nimeshatubu, Masanja, ila kila nikimwona ameshika mpini wa ile pampu, natubu upya.

Bibi yako anayekuombea,
Kabula